Usimbonyezee Jirani

Nagata, Kobe
Tarehe 11 Machi, 2009

Mpendwa mdogo wangu Setsuko,

Basi ndiyo hivyo, Mzee Nishitsuji akasimama mbele ya watu wote, na hapo hapo simu ikakata. Kadi imekwisha! Nikabaki napiga kelele haloo, haloo, kama mwehu, mpaka mwanao Anselmo akaniondolea simu mkononi. Nimeona bora niandike tu. Karatasi haina tabia ya kumkatiza mtu.

Lakini kwanza nikujulie hali, maana kwenye simu nilivamia habari bila hata salamu. Mgongo wako unaendeleaje? Shemeji Mário na sukari yake, bado anaiba keki? Sisi huku wazima. Goti langu ni lile lile, linajua mvua kabla ya redio. Na mwandiko wangu usiucheke. Wewe ndiye uliyebaki darasani, mimi nilikuwa nimeshakaa kwenye cherehani nashona viatu, na mpaka leo nipo hapo hapo.

Huku ni msimu wa dagaa. Mtaa mzima unanuka soya na tangawizi, kila nyumba sufuria jikoni, na ukipita njiani unasikia wanawake wanabishana nani kaweka sukari nyingi. Nimekufungia kopo. Mwanao anasema forodha ya Brazil watalitupa. Nimelificha katikati ya soksi za shemeji. Zikifika soksi peke yake, ujue ofisa wa huko kala vizuri.

Haya, sasa habari za Anselmo. Nianze mwanzo, kwa sababu kwenye simu nilirukaruka na wewe ukawa unauliza nani huyo, nani huyo.

Anakaa chumba cha juu, kile tulichokuwa tunawekea ngozi. Anakula. Mungu wangu, anakula! Nikipika wali na tambi za kukatakata kwenye bamba la moto, za watu watatu, anauliza na nyinyi mtakula nini. Wazee wa mtaa wanampenda ingawa anawakumbatia. Mara ya kwanza alipomkumbatia Bi Urabe wa nyumba ya pili, yule mama alikaa kama gogo, akaniambia baadaye, "Tokie, mume wangu aliishi na mimi miaka yote na hakuwahi kunifanyia hivyo hadharani." Siku ya pili namwona kasimama mlangoni na lipstiki, anasubiri kijana apite.

Asubuhi anashuka bandarini, kwenye jengo ambalo chuo cha ng'ambo kimefungua tawi. Hiyo shahada yake ya pili inaitwa ya mitandao ya habari. Wanafunzi ni mchanganyiko. Wako Wajapani watu wazima waliotumwa na makampuni yao, wanasinzia wameketi wima kama sanamu. Yuko msichana wa Kihindi anayecheka sana, wako na Wataiwani. Mwalimu Hamasuna ndiye yupo nao hapa, lakini walimu wengine wako ng'ambo wanawafundisha kwenye skrini kubwa, na huko kwao bado ni jana. Nilimwambia, mwanangu, unafundishwa leo na watu wa jana, utafika lini?

Nikamuuliza hasa mnajifunza nini. Akasema, "Mama mkubwa, tunajifunza habari itoke kwa huyu ifike kwa yule, isipotee njiani, na isibadilishwe." Nikamwambia hiyo ya kwanza na ya pili mimi nimeifanya mtaani miaka arobaini. Akasema na hiyo ya tatu? Nikamfukuza jikoni.

Sasa ili amalize lazima atengeneze kitu, kifanye kazi kwa watu wa kweli, walimu waone. Wenzake walichagua mabenki na maghala. Yeye akachagua mtaa wetu. Unakumbuka ubao wetu wa matangazo, unaopita nyumba hadi nyumba, unausoma, unagonga muhuri wako, unampelekea jirani? Bado upo. Anselmo akasema ubao ni mzuri kwa habari ya usafi wa mifereji, lakini likija tetemeko, nani atazungusha ubao? Akaunda visanduku vyeupe, vidogo kama sahani ya sabuni, akaweka kimoja kila nyumba. Kikipigiwa kutoka mbali kinalia na taa nyekundu inawaka. Mwenye nyumba akiwa mzima anabonyeza, taa inakuwa kijani. Kwa Mzee Nishitsuji, mwenyekiti wetu, kuna skrini inayoonyesha nyumba zote. Nyumba ikibaki nyekundu, jirani wa karibu anakwenda kugonga. Basi, hakuna zaidi. Hata mimi nilielewa.

Alipita nyumba kwa nyumba kuvifunga, na kila nyumba akapewa chai, akarudi tumbo kama ngoma. Mzee Kajitani wa kona alimwambia, "Mimi nikifa, kitabonyeza chenyewe?" Anselmo akasema hapana mzee, hiyo ndiyo maana yake. Kajitani akacheka mpaka meno yakatoka, yale ya bandia. Baadaye akaanguka bafuni akavunja nyonga, na ni Anselmo aliyembeba mgongoni mpaka kwenye gari la wagonjwa. Bado yuko hospitali.

Ikaja siku ya jaribio. Wenye nyumba hatukutakiwa kujua siku wala saa. Anselmo alifunga mdomo kama chaza, hata mimi nilimbana na nyama ya kukaanga, hakusema. Lakini walimu walihitaji ukumbi wa mtaa ili waangalie, na funguo za ukumbi anazo nani? Nishitsuji. Wakamwomba ukumbi Alhamisi saa nne asubuhi. Yule mzee si mjinga. Akachukua ubao wetu wa zamani akaandika kwa ile herufi yake nzuri: Alhamisi saa nne kila mtu akae karibu na kisanduku chake, abonyeze upesi, tusimwaibishe mtoto wa Setsuko mbele ya wageni.

Ubao ukazunguka mtaa mzima kabla ya chakula cha jioni. Kila nyumba ikagonga muhuri. Ulipofika kwangu nikauficha chini ya cherehani Anselmo asiuone, nikaupeleka kwa jirani ndani ya fulana. Hatukuona ubaya, Setsuko. Mtoto wa watu anafanya mtihani, wewe utakaa kimya?

Alhamisi ikafika, kisanduku kikalia, nikabonyeza mpaka kidole kikauma. Halafu tukakusanyika ukumbini kuona. Mwalimu Hamasuna alikuwepo na tai yake. Kwenye skrini ya ukutani yuko mama mmoja profesa wa ng'ambo, nywele fupi, huko kwake usiku, anakunywa kitu kwenye kikombe kikubwa. Na ramani ya mtaa imewekwa pembeni. Kijani tupu! Nyumba zote, kabla hata ya mtu kumaliza kupiga chafya. Wazee wakapiga makofi. Mwalimu Hamasuna akatabasamu, na yule mtu hatabasamu ovyo.

Anselmo tu ndiye hakufurahi. Alikuwa anaitazama ile ramani, anaitazama, mwisho akaweka kidole kwenye kona. Akasema, "Hii si sawa. Mzee Kajitani yuko hospitali. Nyumba yake haina mtu."

Hebu fikiri. Angenyamaza, hakuna mwalimu aliyemjua Kajitani.

Yule mama kwenye skrini akaweka kikombe chini. Mwalimu Hamasuna akawa anatafsiri, na kutafsiri kwake ni kama mtu anayetoa mwiba, polepole. Kama nyumba tupu imejibu, basi ama kisanduku kinadanganya, ama kuna mtu amepanga majibu. Wewe Anselmo, umepanga majibu? Mwanao akasema sijapanga. Basi kisanduku kinadanganya? Akasema sijui. Alikuwa mweupe kama tofu.

Na sisi? Unajua watu wetu. Hakuna atakayesema kabla ya mwenyekiti, na mwenyekiti anaangalia dari. Mimi niliangalia soksi zangu. Moja ilikuwa na tundu.

Aliyesimama ni Bi Urabe, na miaka yake themanini na kitu. Akasema, "Nimebonyeza mimi. Ufunguo wa Kajitani ninao. Kila ubao ukija mimi ndiye ninayemgongea muhuri wake akiwa hayupo. Toka lini nyumba ya jirani yangu ikakosa muhuri na mimi nipo hai?" Yaani kasema kwa hasira, kama vile wao ndio wamekosa adabu.

Hapo ndipo kopo lilipofunguka. Mwingine akasema na mimi nimembonyezea shemeji yangu, alikuwa kwenye foleni ya samaki. Mwingine, mimi binti yangu yuko kazini. Muuza tofu akasema yeye kabonyeza tatu, kwa sababu alikuwa anapita. Na wakaanza kuomba radhi wakiinama, ukumbi mzima, sisi wote. Yule mama kule ng'ambo kwenye skrini yake akawa haoni uso wa mtu, anaona vipara na nywele za rangi tu. Nikasikia anamuuliza Mwalimu Hamasuna kitu, Anselmo akaniambia baadaye alikuwa anauliza kama watu wamezimia.

Ndipo Mzee Nishitsuji akasimama. Hapa ndipo simu ilipokata.

Wewe ulikuwa umeshakwenda Brazil mwaka ule wa tetemeko, tisini na tano, lakini Chiyono mkewe unamjua, yule aliyekuwa anatugawia peremende tukitoka shule. Nishitsuji hajawahi kulisema jambo hili, hata kwenye kumbukumbu ya marehemu ya kila mwaka. Akasema hivi, wala hakupandisha sauti:

"Asubuhi ile mimi nilikuwa zamuni, nikitia makaa tanuruni kule kiwandani. Watu wa kuokoa walifika mpaka mlangoni kwangu. Mtu mmoja akawaambia nyumba hii wametoka wote, nendeni mbele. Alisema kwa nia njema. Aliona kimya, hakutaka kuwachelewesha. Wakaenda mbele. Chiyono alikuwa jikoni, chini ya boriti. Moto ulifika saa sita." Akamgeukia Anselmo. "Na ubao wa juzi niliuandika mimi."

Akakaa. Mtu wa kumtolea leso hakuwepo, kila mtu alikuwa anaihitaji yake.

Mwalimu Hamasuna alichukua muda mrefu kutafsiri. Halafu yule mama akasema na Anselmo, maneno machache, na mwanao akaitikia kwa kichwa. Nilimbana jioni yake aniambie. Alimwambia, "Sikutaka zote ziwe kijani. Nataka ziwe kweli."

Basi wamempa jaribio jingine moja. Kabla ya mwezi huu kwisha, siku yoyote, saa yoyote, na atakayepiga ni yule mama mwenyewe kutoka kwake. Anselmo hajui, Hamasuna hajui, ukumbi hautaombwa. Nyumba tupu moja ikigeuka kijani, kazi yake haikubaliwi, na ufadhili wa masomo yake unakwisha mwisho wa mwezi huu huu. Hakuna mwaka wa pili wa kurudia. Atakuja kwenu na sanduku la nguo, bila shahada. Nakwambia wazi kwa sababu wewe ni mama yake, na kwa sababu najua yeye amekuandikia kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Usilie. Mimi silii, na mimi ndiye ninayemwona kila siku. Chakula kimepungua, anakula cha mtu mmoja na nusu. Jana alikaa ngazini akaniuliza, "Mama mkubwa, nikishindwa utamwambia mama wewe?" Nikamwambia, mimi? Mama yako atajua kabla hujafunga zipu ya begi. Akacheka kidogo. Nikamuuliza mbona ulisema kuhusu Kajitani, si ungeacha tu. Akanitazama kama nimesema Kichina. Akasema, "Sasa kisanduku cha uongo ningekiweka vipi kwenye nyumba yako?"

Nikamwongezea wali.

Tangu siku ile mtaa umekuwa kituko. Hujui jinsi ilivyo kazi kumzuia mtu wa Nagata asimsaidie jirani. Bi Urabe ameupeleka ufunguo wa Kajitani kwa Nishitsuji kwa mikono miwili, kasema ufungie ndani, mkono wangu siuamini. Muuza tofu akipita karibu na kisanduku cha mtu anaweka mikono mfukoni. Nishitsuji ameandika ubao mwingine, mstari mmoja tu: Usimbonyezee jirani, nenda ukamtazame. Umezunguka, na mihuri ipo, ila safari hii nilisikia watu wanausoma kwa sauti. Zamani tulikuwa tunagonga tu.

Na wamegawana kabisa nani amtazame nani. Mimi nimepewa Bi Urabe, kwa sababu kati yetu kuna ukuta tu, na ukuta wenyewe ni kama karatasi. Namsikia akikohoa. Yeye ananisikia nikipiga umbea kwenye simu, kisha ananisahihisha.

Mambo mengine. Duka la sufu limefungwa. Binti wa kinyozi kaolewa Osaka, harusi ya kizungu, keki ya plastiki, walikata kwa kisu cha kweli. Viatu vimekuwa vigumu, kazi zinakwenda China, mwenye kiwanda ananiletea jozi chache na sura ndefu. Kwenye kaburi la mama nilikwenda, nikasafisha, nikaweka maua kwa jina lako pia. Nilimsimulia habari za Anselmo zote. Hakunikatiza hata mara moja, si kawaida yake.

Nisalimie shemeji Mário, mwambie keki aache. Nisalimie Beatriz, mjukuu nisiyemjua, ile picha yake na pengo la meno nimeibandika juu ya cherehani, kila mteja anaulizwa amemwonaje. Nisalimie na mama mkwe wako hata kama bado ananichukia kwa ile barua ya mwaka ule. Mababu zetu wawatazame huko mliko, wawape mvua kwa kipimo na usingizi mzito, na sisi huku watuache na miguu ya kupandia ngazi. Nilitaka kukuambia pia habari za yule mume wa zamani wa Kinuko, kaonekana kwenye

Ngoja. Kinalia.

Nimebonyeza changu. Kijani. Mtaa mzima unalia, nasikia mpaka kwa kinyozi, kimoja kimoja vinanyamaza. Anselmo yuko chuoni tangu asubuhi, maskini, hana habari.

Cha Bi Urabe bado kinalia. Hapo hapo ukutani. Nilimsikia akivuta kiti si muda mrefu. Nimegonga ukuta. Hajanigongea.

Mlango wake hafungi, na kisanduku kipo rafuni kando ya mlango, mkono wangu unafika bila hata kuvua viatu. Ningekinyamazisha mara moja.

Nishitsuji yuko barabarani anapiga kelele, na mguu wake ule mbovu: "Tokie! We Tokie! Urabe yuko mwekundu, wewe ndiye wake, shuka!"

Nashuka. Naenda kumtazama mtu, Setsuko, kisanduku sikigusi.

Akupendaye, wa damu moja,
Dada yako Tokie